HAYATI TOM MBOYA NA MILANGO YA ELIMU

Katika toleo hili, Chama chetu cha Kiswahili kinakuletea maisha ya mtu ambaye jina lake unalitaja karibu kila siku bila kufikiri. Ukipanda matatu kutoka Kayole, Dandora, Umoja au Buru Buru kwenda mjini, huenda ukashukia kwenye barabara inayoitwa kwa jina lake, ama ukaivuka mbio mbio ukiogopa kugongwa. Ukimuuliza mwanafunzi wa kawaida Tom Mboya alikuwa nani, atakujibu kwamba alikuwa waziri aliyepigwa risasi. Ni kweli, lakini hilo ni jambo lililompata tu. Alilolifanya ndilo tunalotaka kulisimulia hapa, hasa lile linalotuhusu sisi wanafunzi: habari ya skolashipu.

Kila mwaka matokeo ya mtihani yakitoka, mitaani hakuna neno lingine ila alama. Mwenye A anabebwa juu juu. Mwenye C+ anashusha pumzi kwa sababu amegusa kiingilio cha chuo kikuu. Aliyekosa hapo kidogo tu anaanza kupita njia za nyuma ili asikutane na majirani. Na hata yule aliyepita, mzazi wake anaanza kujiuliza karo itatoka wapi. Basi ni vizuri tujue kwamba vijana wa miaka ya hamsini walikuwa katika shida hiyo hiyo, tena mbaya zaidi, na kwamba kuna kijana mmoja asiyekuwa na digrii aliyewatafutia njia.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba kubwa la mkonge la Mzungu. Wazazi wake, mzee Leonardus Ndiege na mama Marcella Onyango, walikuwa wametoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria. Mzee Ndiege alikuwa kibarua wa shamba, baadaye akawa nyapara. Mshahara wa nyapara siku hizo haukuwa wa kujivunia, lakini mzee alikuwa ameshika jambo moja: mtoto lazima asome.

Kwa kuwa kambi ile ya wafanyakazi ilikuwa na watu wa makabila mengi, Tom alikua akisema Kikamba na Kikuyu pamoja na Kijaluo cha nyumbani, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wote. Wanachama wa chama chetu wazingatie hapo. Lugha hizo zilimfaa baadaye kuliko cheti chochote, maana alipokuja kusimama jukwaani Nairobi hakuhitaji mkalimani.

Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki. Alianzia Kabaa, katika Ukambani, kisha akapelekwa St. Mary's Yala, Nyanza, na mwaka wa 1946 akaingia Holy Ghost College, Mang'u, ambayo leo tunaiita Mang'u High School. Kuingia Mang'u wakati huo si mchezo. Kulikuwa na mtihani wa kuchuja Waafrika baada ya shule ya msingi, na shule za sekondari zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Tom alipita.

Mwaka wa 1947 akafanya mtihani wa sekondari wa Waafrika, akapita tena. Kilichobaki kilikuwa kuendelea mpaka Cheti cha Cambridge, ambacho ndicho kilikuwa ufunguo wa kila kitu kikubwa: Makerere, ng'ambo, kazi ya ofisi yenye heshima. Hapo ndipo mambo yalipokatika. Mzee Ndiege hakuwa na karo ya kumwendeleza, na kulikuwa na wadogo zake ambao nao walingoja zamu yao ya kusoma. Kijana akaondoka Mang'u bila kile cheti, na si kwa sababu kichwa kilikuwa kizito. Mfuko wa baba ndio uliokuwa mwepesi.

Tafadhali msomaji, weka jambo hilo kando usilisahau, kwa sababu kila kitu kitakachofuata kinatoka hapo.

BWANA AFYA WA NAIROBI

Tom alitafuta masomo ambayo hayakudai karo, akayapata. Mwaka wa 1948 alijiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya, sehemu kubwa yakiwa katika Jeanes School, Kabete. Hapo wanafunzi walipewa posho badala ya kudaiwa pesa. Wenzake walimchagua kuwa kiongozi wa wanafunzi. Alihitimu mwaka wa 1950, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, mji uliokuwa umepewa hadhi ya jiji mwaka wa 1950. Kwa maneno ya mitaani, akawa bwana afya.

Ubaguzi aliokuwa akiusikia tu sasa ulimkalia kooni. Mkaguzi Mwafrika na mkaguzi Mzungu walikuwa na kazi moja na mafunzo sawa, lakini Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake. Siku moja alikuwa peke yake katika maabara ya Baraza, mahali pa kupimia maziwa. Mama mmoja wa Kizungu akaingia na chupa yake, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Tom alikuwa amesimama mbele yake! Kwa mama huyo, Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mtu. Jambo hilo Mboya alilikumbuka mpaka alipoandika kitabu chake miaka zaidi ya kumi baadaye.

Mchana alikagua maduka na maziwa, usiku alisoma. Alijiandikisha katika masomo ya posta ya chuo kimoja cha Afrika Kusini ili ajaribu kufikia kile alichokikosa Mang'u. Wakati huo huo akaanza kuwapanga wafanyakazi wenzake wa Baraza, na chama chao kikakua kuwa chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka wa 1953 akachaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya. Alikuwa na miaka 23. Kazi ya Baraza ikamponyoka, lakini yeye hakurudi nyuma.

Huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Wazee wetu wa Bahati, Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo, Ziwani na Pumwani wanaikumbuka Operesheni Anvil ya Aprili 1954, askari walipozingira mitaa ya Waafrika na kukamata maelfu kwa maelfu ya watu. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku. Mlango mmoja tu wa kusemea ulibaki wazi, nao ni vyama vya wafanyakazi. Mboya akasimama hapo. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka wa 1955, ndiye aliyesaidia kuwapatia nyongeza ya mshahara, na jina lake likavuma nchi nzima.

CHUO KISICHOULIZA CHETI

Mwaka huo huo wa 1955 akapata skolashipu ya kwenda Ruskin College, Oxford, Uingereza. Sasa hapa kuna la kushangaza. Huyu mtu hakuwa na Cheti cha Cambridge. Aliingiaje Oxford?

Jibu ni kwamba Ruskin kilikuwa chuo cha namna yake. Kilianzishwa mwaka wa 1899 kwa ajili ya watu wa kazi: wachimba migodi, watu wa reli, makarani, watu ambao umaskini uliwakatiza shule. Hakikumpima mtu kwa mtihani alioufanya utotoni. Kilitazama kazi aliyoifanya na akili aliyoionyesha katika kazi hiyo. Mboya alikaa huko mwaka mmoja akisoma siasa, uchumi na uhusiano wa waajiri na wafanyakazi. Mwaka wa 1956, kabla ya kurudi nyumbani, alipitia Marekani, akatembelea vyama vya wafanyakazi na vyuo, akafahamiana na mfanyabiashara kijana aliyeitwa William Scheinman. Urafiki huo ulikuja kuzaa matunda makubwa.

Kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa ushahidi kwamba mtu anaweza kukosa cheti na bado akaweza masomo ya juu. Aliporudi hakulisahau hilo.

Alirudi wakati Waafrika wameruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, mwezi Machi 1957. Hata kura zenyewe zilipimwa kwa elimu, mshahara na mali. Mwenye masomo na mapato zaidi aliweza kupewa hadi kura tatu, na asiyekuwa na kimojawapo cha vipimo hivyo hakupata hata moja. Mboya alishindana na Argwings-Kodhek, wakili msomi, Mwafrika wa kwanza Kenya kuwa wakili. Yule asiyekuwa na cheti akamshinda wakili. Alikuwa na miaka 26.

MLANGO ULIOKUWA MWEMBAMBA

Sasa tuangalie hali ya mwanafunzi wa Kiafrika wa miaka hiyo. Tuseme ni kijana aliyefika mpaka mwisho wa sekondari na kupata Cheti cha Cambridge. Angeenda wapi?

Njia ya kwanza ilikuwa Makerere, Kampala, iliyokuwa ikitoa digrii za Chuo Kikuu cha London. Lakini Makerere iligawana nafasi zake chache kati ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Nairobi kulikuwa na Royal Technical College, iliyofunguliwa mwaka wa 1956, nayo ilikuwa bado changa. Chuo Kikuu cha Nairobi kama tunavyokijua hakikuwapo mpaka 1970. Njia ya pili ilikuwa Uingereza, lakini vyuo vikuu vya huko vilitaka mwanafunzi aongeze miaka miwili ya masomo ya juu baada ya Cambridge, na shule za kufundisha masomo hayo kwa Waafrika zilikuwa adimu.

Matokeo yake yalikuwa kama vile kujaza debe la maji kwa kutumia kijiko cha chai. Vijana wengi waliofaulu vizuri walibaki nje, wakawa makarani na walimu wa shule za msingi. Serikali ya kikoloni iliwaambia kwamba hawakufikia kiwango. Lakini kiwango hicho kilipandishwa na uchache wa viti. Darasa likiwa na viti kumi na waliofaulu ni mia, yule wa kumi na moja huitwa ameshindwa, hata kama anamkaribia wa kumi kama pua na mdomo.

Marekani ilikuwa kitu kingine. Vyuo vyake vilikuwa vingi mno, vikubwa na vidogo, na vilimkubali mwanafunzi moja kwa moja akiwa na Cheti cha Cambridge. Vingi vilikuwa tayari kumsamehe karo mwanafunzi mzuri. Wako Wakenya waliokuwa wamepita huko mapema. Mmoja ni Dakta Gikonyo Kiano, aliyerudi mwaka wa 1956 na shahada ya udaktari kutoka California. Mwingine ni Kariuki Njiiri. Hao wawili wakashirikiana na Mboya. Vijana wengi waliandika barua wenyewe, wakapata nafasi na hata msaada wa karo, lakini wakakwama kwenye jambo moja: nauli. Tiketi ya ndege ilikuwa pesa ambazo baba wa kijijini hangeweza kuzipata hata akiuza boma zima.

NDEGE YA 1959

Mwezi Aprili 1959 Mboya alikwenda Marekani. Kwa zaidi ya wiki tano alizunguka kutoka mji hadi mji akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi. Wakati huu alikuwa mtu mashuhuri, maana Desemba 1958 alikuwa ameongoza kama mwenyekiti mkutano mkubwa wa watu wa Afrika huko Accra, Ghana. Angeweza kuomba pesa za siasa. Yeye aliomba nafasi za masomo.

Rafiki yake Scheinman na wenzake walikuwa wameunda shirika la kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Wazo lao lilikuwa rahisi: badala ya kila mwanafunzi kununua tiketi yake, ikodishwe ndege nzima, na nauli ya kila mmoja itashuka. Barua ya kuomba michango ilitiwa saini na Wamarekani weusi watatu waliojulikana kila nyumba: mchezaji besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Watu wa kawaida wakatuma walichokuwa nacho.

Huku Kenya nako wazazi hawakukaa tu. Palifanywa karamu za chai, michango ya kanisani na ya ukoo, ng'ombe wakauzwa. Mwanafunzi alihitaji nguo, pesa za mfukoni na pesa za kuanzia maisha. Kijiji kizima kilijua kwamba aliyekuwa akiondoka hakuwa mtoto wa mtu mmoja.

Mwezi Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Kati yao alikuwamo msichana Pamela Odede, ambaye alikwenda kusoma Ohio na akaja kuolewa na Mboya mwaka wa 1962.

Kuna jambo ambalo watu hulikosea, na afadhali tulirekebishe hapa. Wengi husema kwamba Barack Obama mkubwa, baba yake Rais wa Marekani wa mwaka 2009 hadi 2017, alikuwa ndani ya ndege ile. Hakuwamo. Alikwenda Hawaii mwaka huo huo wa 1959 kwa njia nyingine. Hata hivyo habari yake inafanana na hii yetu. Alitoka Maseno bila kumaliza, akasoma kwa posta akiwa kazini Nairobi, akafanya mtihani, kisha akaandikia vyuo vingi mpaka kimoja kikamjibu.

KENNEDY NA NDEGE ZA 1960

Mwaka wa pili wanafunzi waliokuwa na nafasi vyuoni walikuwa wengi zaidi, zaidi ya mara mbili ya wale wa kwanza. Pesa hazikutosha. Serikali ya Marekani iliombwa, ikakataa. Ndipo tarehe 26 Julai 1960 Mboya alipokwenda Hyannis Port, Massachusetts, nyumbani kwa Seneta John F. Kennedy, ambaye wakati huo alikuwa akigombea urais. Baada ya mazungumzo, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Serikali iliyokuwa imekataa ikageuka ghafla ikataka kulipa, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa karibu na kura za Wamarekani weusi zilikuwa na uzito. Wahenga walisema, vita vya panzi furaha ya kunguru.

Tusisahau pia kwamba ilikuwa enzi ya Vita Baridi. Marekani haikutaka vijana wa Afrika waende Moscow. Na kweli Jaramogi Oginga Odinga, kwa upande wake, alikuwa akiwatafutia vijana nafasi katika Urusi na nchi nyingine za kikomunisti. Wakubwa hao walivutana, lakini mwanafunzi wa Kenya alipata vitabu kutoka pande zote mbili.

Katika kundi la 1960 alikuwamo msichana mmoja kutoka Nyeri aliyekuwa amemaliza Loreto Limuru. Alipelekwa chuo kidogo cha masista katika mji wa Atchison, Kansas, akasoma biolojia. Alirudi, na mwaka wa 1971 akapata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufikia hapo. Mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Jina lake ni Wangari Maathai.

Mpaka mpango huo ulipokoma mwaka wa 1963, wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepata njia ya kusoma Amerika.

UBISHI JUU YA ALAMA

Usidhani kwamba kila mtu alishangilia. Wakoloni walilalamika sana. Walisema wanafunzi wale ni wale waliokataliwa na Makerere, kwamba alama zao ni hafifu, na kwamba vyuo vya Marekani vinatoa digrii rahisi. Kwa muda mrefu digrii za Marekani zilidharauliwa katika ofisi za serikali hapa nyumbani.

Hoja hiyo haikuwa upuuzi mtupu, na tusiifiche. Ni kweli kwamba vyuo vilikuwa vya viwango mbalimbali. Ni kweli kwamba wengi waliofika huko walipata taabu ya pesa, wakaosha vyombo mahotelini, wakafagia mabweni, wakapigwa na baridi ambayo hawakuijua. Na uteuzi wowote huleta manung'uniko ya nani alipendelewa na nani aliachwa, na uteuzi huu nao ulikuwa nayo.

Lakini mambo mawili yalijibu hoja hiyo. Kwanza, Mboya na wenzake hawakusema alama ni bure. Waliuliza cheti, na mwanafunzi hakupanda ndege mpaka awe na barua ya chuo kilichosoma matokeo yake na kumkubali. Walichokataa ni ule mstari uliochorwa na uchache wa viti kuitwa mstari wa akili. Pili, jibu kamili lilitolewa na wanafunzi wenyewe. Nchi ilipopata uhuru Desemba 1963, Wakenya wenye digrii walikuwa wachache mno na ofisi za Wazungu zilikuwa zinabaki wazi. Waliorudi kutoka Marekani waliingia humo: walimu wa vyuo, mabalozi, maofisa, wabunge. Wale walioitwa hafifu wakawa ndio wanaoendesha nchi.

UWAZIRI NA KIFO CHAKE

Katika uchaguzi wa 1961 Mboya alisimama Nairobi Mashariki, yaani huku kwetu Eastlands. Mpinzani wake alikuwa Dakta Munyua Waiyaki. Mboya alipata zaidi ya kura tisa katika kila kumi. Watu wa makabila yote walimpigia, jambo la kutufundisha sisi ambao bado hatujajifunza.

Alikuwa Waziri wa Kazi mwaka wa 1962, kisha Waziri wa Sheria na Katiba, halafu tangu mwisho wa 1964 Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Waraka maarufu wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965, uliochora njia ya uchumi wa Kenya, ulipita mikononi mwake. Mtu aliyekosa karo Mang'u sasa alikuwa akipanga bajeti za nchi.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, alikuwa akitoka katika duka la dawa kwenye Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Akapigwa risasi, akafa. Alikuwa bado hajatimiza miaka 39. Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa, akahukumiwa kunyongwa. Swali la nani aliyemtuma halijajibiwa mpaka leo. Nchi ilitetemeka, Nairobi na Kisumu kukawa na ghasia, na mwili wake ukazikwa Rusinga, kisiwa cha wazazi wake. Mwaka wa 2011 sanamu yake ilisimamishwa Moi Avenue, hatua chache kutoka mahali alipoangukia.

MAFUNZO KWETU

Basi ndugu msomaji, maisha haya yanatufundisha nini sisi tunaongoja mtihani?

La kwanza, alama zina kazi yake, tusijidanganye. Ufadhili wa Wings to Fly ulipoanza mwaka wa 2010, uliangalia alama za KCPE pamoja na hali ya nyumbani, na ulifanya hivyo mpaka mtihani huo ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. KCSE nayo inataka C+ kwa digrii ya chuo kikuu. Hata Marekani, ambako tangu 2004 shirika la KenSAP limekuwa likiwasaidia Wakenya werevu kutoka familia maskini kuomba vyuo vikubwa, matokeo ya KCSE na ya mtihani wao uitwao SAT hutazamwa kwa makini. Mboya mwenyewe alipita mitihani yake ya shule. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayetaka skolashipu sharti ainamie vitabu.

La pili, alama pekee hazitoshi. Skolashipu nyingi huuliza mambo matatu: umepata nini, huna nini, na umefanya nini. La tatu ndilo tunalolisahau. Ruskin ilimchukua Mboya kwa sababu ya kazi aliyoifanya kwa wenzake. Kwa hiyo mwanafunzi anayeongoza chama, anayefundisha wadogo hesabu jioni, anayeandika katika gazeti kama hili, hapotezi wakati. Na kuna la nne, dogo lakini muhimu: kuomba. Wengi hapa mitaani hukosa basari si kwa sababu ya alama bali kwa sababu fomu ilirudishwa baada ya siku kupita, ama haikujazwa kabisa. Wale vijana wa 1959 waliandika barua moja, mbili, kumi, wakaweka stempu, wakangoja. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

La mwisho linamhusu yule ambaye matokeo yatamkuta chini ya mstari. Asijifungie ndani. Akumbuke kijana aliyetoka Mang'u mikono mitupu mwaka 1947, akawa bwana afya, akasoma usiku kwa taa. Atafute chuo cha ufundi, atafute diploma, atafute njia ya kupanda polepole. Mstari ule hupima viti vilivyopo mwaka huo, haupimi maisha ya mtu.

Na yule atakayepita, akapata skolashipu, akaenda mbali, naye tunamwomba jambo moja. Mboya aliposhushwa na karo hakukaa akilia. Alipopata njia yake mwenyewe hakuufunga mlango nyuma yake, aliushikilia wazi mpaka karibu watu 800 wakapita. Wewe ukifika, shikilia mlango hata kwa mmoja tu, mtoto wa jirani yako wa Kariobangi au Mbotela. Hapo ndipo utakuwa umemkumbuka Tom Mboya vizuri kuliko kuijua tu barabara yake.

Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Kwaheri ya kuonana katika toleo lijalo, na wa Form Four tunawatakia mtihani mwema.